Anayegonga Bila Hodi

Ilianza mlimani, juu ya Todmorden,
kondoo wakinitazama kama wadai:
ngo.
Kisha kimya. Kisha ngo-ngo, chini, kushoto,
usawa wa kifundo cha mguu,
kama mtu anayegonga mlango wa watu
na hataki kusema hodi.

Pikipiki yenyewe BSA ya mwaka sitini na saba,
imenizidi umri kwa miaka kumi na tisa,
nimeinunua kwa pesa ambazo dada yangu Mwanaisha
anaamini zimeezeka paa.

Nikapunguza mwendo: ngo ikapunguza.
Nikakaza: ikakaza.
Nikabana klachi, nikidhani ni klachi.
Haikujali.
Nikachomoa waya wa plagi moja, kisha wa pili,
nikasikiliza kama kuna atakayekiri.

Kazini mimi ni mpimaji wa masikio.
Nawafungia watu kwenye kijumba kisicho na mwangwi,
nawaambia: bonyeza ukisikia, hata kama ni hafifu mno.
Leo nimepiga magoti mimi kwenye zege baridi,
bisibisi ndefu sikioni, ncha yake kwenye kava,
na sina cha kubonyeza.
Nasikia vali zikishona kama cherehani.
Nasikia mnyororo. Nasikia moyo wangu.

Hofu ina msamiati wake:
krenki, konrodi, beringi,
injini kuvuliwa nguo mpaka mfupa.
Pauni elfu moja na mia nane, alisema kijana wa Burnley kwenye simu
kabla sijamaliza kuuigiza ule mlio.
(Naam, niliuigiza. Ngo, ngo,
mbele ya duka la mikate, foleni nzima ikinigeukia.)

Ndipo Doreen Greenwood wa nyumba ya pili
akaja na slipa zake mvuani.
Miaka themanini na mmoja. Ishirini na miwili kati yake
aliitumia kwenye mitambo ya kufuma pamba,
wasichana wakisemezana kwa midomo tu,
maana sauti ilikuwa mali ya mitambo.
Grafu ya masikio yake niliichora mimi:
upande wa sauti nyembamba ni poromoko,
ndege, kengele, birika likichemka, vyote vimekwenda.
Sauti nzito zimebaki,
mawe ya mtoni baada ya maji kukauka.

"Umepauka," akasema,
kwa ukali wa mtu asiyejisikia.
Akaninyang'anya bisibisi.
Akatoa meno yake ya bandia, akayatia mfukoni mwa aproni,
akaung'ata mpini kwa ufizi.
Hakufumba macho. Alitazama ukuta
kama anayeonja mchuzi wa jirani.
Akasogeza ncha. Kichwani: hapana.
Tumboni: hapana.
Kava ya kushoto, pale penye duara la jenereta,
akasimama. Mate yakamdondoka, asijali.

"Mtambo namba kumi na tisa," akasema,
akirudisha meno yake.
"Ulikuwa na tabia hii hii. Ni nati.
Mimi na Jean tuliukaza kwa bati la biskuti,
msimamizi hakujua mpaka alipostaafu."

Tukafungua. Oili ikamwagikia slipa zake.
Nati ya rota ikazunguka kwa vidole viwili, bila spana,
na kile kichuma cha nusu mwezi
kinachoishika rota kwenye krenki
kilikuwa kimeliwa upande mmoja,
mwembamba kama mwezi wa siku nne.
Kipya: pauni mbili na peni sitini.
Nikacheka. Nikakaribia kulia, lakini mvua ilikuwa inatosha.

Jumamosi nikaiwasha.
Nikaisubiri ngo
kama aliyefungua mlango akakuta baraza tupu,
akatoa kichwa nje, akatazama huku na huku.

Doreen dirishani, nyuma ya kioo,
akaniuliza kwa midomo, mtindo wa kiwandani:
Imeacha?
Nami nikajibu kwa midomo, furaha ikanisahaulisha lugha,
nikasema kwa Kiswahili: imeacha, bibi, imeacha.
Akaitikia kwa kichwa. Alielewa kila silabi.
Kisha akainua slipa moja, nyeusi kwa oili,
na vidole vyote kumi.
Pauni kumi.